Usafi wa Chujio

Sauti ya taka imo ndani ya neno takasa. Msemaji wa Kiswahili hawezi kulitamka la pili bila kuligusa la kwanza, na yamkini hapo pana fundisho: kwamba mwenye kazi ya kutakasa huishi karibu na uchafu kuliko mtu mwingine yeyote. Dobi hushika nguo ambazo mwenyewe hataki kuzishika. Mfagiaji hupita mahali ambapo wapita njia huziba pua. Sifa huenda kwa nguo nyeupe na kwa ua lililofagiliwa. Mikono iliyofanya kazi hiyo aghalabu haitajwi. Insha hii yataka kuuliza swali moja juu ya mikono hiyo: Je, kitu kilichopatikana kwa njia chafu chaweza kuitwa safi?

Swali hili si jipya. Wanafalsafa wamelijadili tangu zamani kwa jina la njia na mwisho: mwisho ukiwa mwema, je, njia mbaya husameheka? Walakini mjadala huo hupenda mifano mikubwa, ya vita na mapinduzi na wafalme, na mifano mikubwa ina hila ya kumfanya msomaji ajione hahusiki. Mimi nachagua mfano mdogo, ambao kila anywaye maji anahusika nao. Mfano wangu ni utando wa kuchujia maji.

Nililetewa jambo hili na mwanafunzi wangu wa zamani. Alisoma Kiswahili kwangu mwaka mmoja kabla ya kuhamia kemia, na sasa ni mtafiti ng'ambo, katika maabara inayotafuta poliesta za namna mpya, zenye kuyeyuka, ili zifanywe tando za kuchujia maji. Aliniandikia barua kuomba neno. "Shikamoo Mwalimu," alianza, "nataka kumweleza mama kazi yangu, na lugha inanishinda. Nikisema kitu changu kinayeyuka, ataona samli juu ya moto. Mimi nataka aone sukari ndani ya chai." Nilimjibu kwamba vitabu vya sayansi hutumia neno kumumunyika kwa jambo hilo la sukari, ila mama yake huenda akafikiri juu ya pipi mdomoni. Tukacheka kwa barua. Lakini neno lile halikuniacha, na kila nilipomwuliza swali moja alinijibu kwa mawili, hata nikajikuta nimejifunza kidogo juu ya kazi yake, na nikaona kwamba ndani ya kazi hiyo limelala swali langu la njia na mwisho.

Kwanza nieleze chombo chenyewe. Wasomaji wengi wamekiona kifumbu, kile kifuko kilichosukwa ambacho mama hutilia nazi iliyokunwa, akakikamua, tui likapita na chicha zikabaki. Utando ni kifumbu cha namna yake. Tofauti ni udogo wa tundu. Tundu za tando nyingine huzuia vijidudu vya maradhi na kupitisha maji. Na zipo tando zilizosongamana hata huzuia chumvi iliyokwisha kuyeyuka ndani ya maji ya bahari. Hizi za mwisho hukamuliwa kwa nguvu kubwa ya pampu, maana maji kwa tabia yake hupenda kwenda upande wenye chumvi nyingi, na hapa yanalazimishwa kurudi kinyume. Sehemu ya utando ifanyayo kazi hiyo ni nyembamba kuliko unywele mara mamia.

Kitu chembamba hivyo hakisukwi kwa vidole. Njia iliyozoeleka ni hii: polima, yaani kitu kilichofanyizwa kwa minyororo mirefu ya chembe, huyeyushwa katika dawa ya majimaji mpaka iwe kama uji mzito. Uji huo hutandazwa juu ya kitambaa au kioo, kisha hutumbukizwa ndani ya maji. Hapo dawa ile hukimbilia kwenye maji, na maji huingia mahali pake. Polima, isiyopatana na maji, hugutuka ikaganda. Mahali palipokuwa na dawa panabaki tundu. Utando umezaliwa.

Naomba msomaji asimame kidogo hapa, maana hapa ndipo penye ajabu mbili. Ya kwanza ni kwamba kitu hiki sharti kiyeyuke ili kitengenezwe, na sharti kisiyeyuke ili kitumike. Wahenga walisema udongo uwahi uli maji. Mfinyanzi huwa na saa yake, na saa hiyo ikipita udongo haumsikii tena. Polima isiyoyeyuka katika chochote ni udongo uliokauka kabla ya kufika mikononi mwa mfinyanzi: una nguvu, lakini hauna umbo. Na polima inayoyeyuka katika kila kitu ni udongo usiojua tanuri: una umbo leo, kesho ni tope. Ajabu ya pili ni kubwa zaidi. Maji ya kwanza kuguswa na chujio hilo hayakusafishwa nalo; yalichafuliwa nalo. Utando huzaliwa kwa kutoa dawa yake ndani ya maji. Chombo cha kutakasia maji huanza maisha yake kwa kuyatia maji taka.

Habari ya poliesta yenyewe ina mafundisho yake. Mwaka 1930, katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, Wallace Carothers na mwenzake Julian Hill walipata poliesta zilizoweza kuvutwa zikawa nyuzi ndefu zenye kung'aa. Lakini nyuzi hizo ziliyeyuka kwa joto dogo, na ziliyeyuka kwa dawa za kufulia nguo. Lile neno letu moja lilizishtaki kwa makosa yote mawili. Nguo isiyoweza kupigwa pasi wala kufuliwa haina mnunuzi, basi Carothers aliziacha akageukia jamii nyingine, poliamaidi, na humo mwaka 1935 ikapatikana nailoni. Miaka michache baadaye, katika 1941, Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliirudia poliesta iliyoachwa. Walitia ndani ya mnyororo wake pete ngumu za kaboni, na poliesta ikapata ushupavu. Ndiyo hiyo ambayo leo imo katika mashati yetu na katika chupa za maji zinazotupwa njiani. Haiyeyuki upesi kwa joto, wala haiyeyuki katika dawa nyingi za kawaida. Zile ziwezazo kuiyeyusha ni kali au za ghali. Ushupavu uliokuwa sifa yake dukani umekuwa kero yake pwani, mahali chupa zinapokaa miaka na miaka zisioze.

Sasa tazama jinsi hukumu zinavyogeuka. Kuyeyuka kulikokuwa aibu ya poliesta mwaka 1930 ndiko kunakotafutwa na mwanafunzi wangu leo. Kitu hakikubadilika tabia. Kazi ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo tunapoita jambo kasoro, yatupasa kuongeza: kasoro kwa kazi gani? Watu wangapi tumewaacha kando, kama Carothers alivyoziacha nyuzi zake, kwa kuwa walikubali upesi mno kufundishika, tukadhani upole wao ni udhaifu? Lakini sitaki kukimbilia mafumbo mapema. Kuna jambo zito mbele.

Tando za kwanza zenye manufaa kwa kuondoa chumvi zilipatikana karibu na mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, kwa kazi ya Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, katika jimbo hilo hilo, ulianza kunywa maji yaliyopita katika tando za namna hiyo. Zilifanywa kwa selulosi asetati, kitu kinachotokana na nyuzi za mimea, ambacho ndani yake mna kiungo kile kile cha kikemia kiipacho poliesta jina lake. Iliyeyushwa kwa asetoni, dawa isiyo na ukali mwingi. Kasoro yake ilikuwa kwamba kiungo hicho hukatwa na maji yenyewe, polepole, na upesi zaidi maji yakiwa na magadi. Chujio la maji lilikuwa likiliwa na maji. Katika miaka ya 1970 John Cadotte alileta utando wa poliamaidi, ambao ni mwembamba zaidi na hupitisha maji mengi zaidi, nao umetawala mpaka leo. Lakini huo nao una adui: klorini, dawa ile ile inayotiwa katika maji kuua vijidudu. Na chini ya ngozi yake ya poliamaidi pana tabaka la kuishikilia, ambalo aghalabu hutengenezwa kwa polima ngumu inayodai dawa kali ya kuyeyushia. Chini kabisa ya yote, pakibeba mzigo wa pampu, pana kitambaa cha poliesta. Poliesta imo katika chujio tangu zamani, kama mpagazi. Watafiti wanataka kuipandisha daraja.

Sababu za kutaka hivyo ni njema. Mwaka 2021 watafiti wa China na Marekani walitangaza utando wa poliesta wenye kuchuja chumvi ya bahari na kustahimili klorini kuliko poliamaidi. Huo haukuyeyushwa na kutandazwa. Ulizaliwa pale pale, katika mpaka wa majimaji mawili yaliyokutana. Njia ya mwanafunzi wangu ni nyingine. Yeye na wenzake hutia katika mnyororo wa poliesta vipande vyenye kupinda au vyenye mbawa pana, ili minyororo isiweze kulaliana kama kuni zilizopangwa vizuri. Minyororo isiyolaliana huacha nafasi, na katika nafasi hizo dawa ya kuyeyushia huingia kwa urahisi. Tumaini lao ni kwamba dawa hiyo iwe ya upole. Na hapa ndipo nimerudi kwenye mikono.

Katika barua yake ya tatu alinieleza kwamba ameondolewa katika meza yake ya kazi. Alikuwa mja mzito. Dawa iliyokuwa ikitumika hapo ni methili-pirolidoni, nayo, pamoja na ndugu yake dimethili-formamaidi, ndiyo mazoea ya watengeneza tando ulimwenguni. Dawa hii hupenya katika ngozi, na imehesabiwa miongoni mwa zile zinazoweza kumdhuru mtoto angali tumboni. Umoja wa Ulaya uliiwekea mipaka kwa sheria ya mwaka 2018, na mipaka hiyo ikaanza kushika katika 2020: watumiaji wakingwe, na hewa ya mahali pa kazi isizidi kipimo. Wakubwa wake, basi, walitenda ilivyopasa. Lakini sentensi moja katika barua yake imenikaa moyoni: "Mwalimu, mahali pangu amewekwa kijana mmoja aliyeanza kazi mwezi uliopita. Hatari haikuondoka, imebadili mikono tu."

Nadhani katika maneno hayo limo jibu la swali letu, ila jibu lenyewe linahitaji kupiganiwa, kwa kuwa upande wa pili una hoja nzito. Mtu atasema: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Yuko mtoto leo, kijijini au pembezoni mwa mji, anayekunywa maji yenye kipindupindu. Utando uliotengenezwa kwa dawa kali utamwokoa leo. Utando uliotengenezwa kwa dawa ya upole haujatoka maabarani. Je, tumwambie mtoto angoje mpaka dhamiri zetu zitulie? Mtu huyo ataongeza: mfanyakazi mmoja ana glavu, ana bomba la kuvuta hewa chafu, ana mshahara, na amekubali, upande mwingine ni maelfu wasio na chochote. Weka katika mizani.

Sidharau hoja hii. Anayeidharau hajapata kuuguza mtu aliyenyweshwa maji mabaya. Nami nasema wazi: mtoto apewe maji leo, kwa utando uliopo leo. Lakini nakataa neno moja tu katika hoja hiyo, neno mizani. Mizani hupima vitu vinavyoweza kufidiana, kilo ya mchele kwa kilo ya mchele. Afya ya yule kijana si mali ya yule mtoto, wala haiwi sifuri kwa kuwa wengine wameokoka. Ukitoa moja katika elfu hubaki mia tisa tisini na tisa. Lakini ile moja iliyotolewa haikupotea katika hesabu, ipo mahali fulani, imevaa glavu. Kwa hiyo pasipo na mizani pana kitu kingine, nacho ni deni. Tunapotumia njia yenye madhara kwa ajili ya mwisho mwema, hatukuhalalisha njia, tumekopa. Na tofauti kati ya mtu mwema na mtu mwerevu ni kwamba wote wawili hukopa, ila mmoja huandika deni na mwingine hulifuta kwa kidole akitumaini hapana aliyeona.

Yuko mpinzani wa pili, mjanja zaidi. Huyu husema: Hapana kilicho safi tangu chanzo. Chungu cha maji kilichomwa kwa kuni, na moshi wake ulimwingia mtu machoni. Ndoo ya bati ilitoka katika mgodi. Ukidai usafi wa njia yote, utakufa kwa kiu ukiwa mwadilifu. Maneno haya ni kweli kwa nusu, na nusu ya kweli ni hatari kuliko uongo mzima, kwa kuwa husimama kwa mguu wake mzuri. Ni kweli kwamba hapana mikono isiyo na doa. Si kweli kwamba kwa hiyo madoa yote ni sawa. Yapo madhara yanayojulikana na anayeyabeba, na yapo yanayofichwa asiyajue. Yapo yasiyoepukika kwa elimu tuliyo nayo, na yapo yanayoendelea kwa sababu kuyaepuka ni ghali au ni uchovu. Mfinyanzi aliyelia kwa moshi kabla ya kujua dohani hana lawama. Mwenye kiwanda ajuaye dohani na asiijenge, analo. Elimu inapoongezeka, udhuru hupungua. Na hii ndiyo sababu ya kusema kwamba mtafiti wa kemia, hata asipotamka neno la maadili mwaka mzima, huisogeza mipaka ya wajibu wetu kila apatapo njia bora. Jana tulikuwa na haki ya kusema hatuwezi. Leo hatunayo.

Naogopa hata hivyo kumpamba mwanafunzi wangu na poliesta yake kupita kiasi. Kitu kinachoyeyuka kwa dawa ya upole chaweza kuvimba na kulegea mbele ya taka za upole vile vile. Urahisi wa kuumbwa ni urahisi wa kuumbuka. Tena kiungo cha poliesta ni kile kile kilichozisumbua tando za kwanza: maji hukikata, na maji ya magadi, ambayo kwayo tando huoshwa zikiziba, hukikata upesi. Wao hujaribu kulijibu hili kwa kuifunga minyororo pamoja baada ya utando kutandazwa, fundo kwa fundo, ili kilichokubali kuyeyuka kabla ya kuumbwa kikatae baada yake. Pengine watafaulu na pengine la. Na utando ukidumu mwaka mmoja mahali pa mitano, tando tano zitatengenezwa badala ya moja, na deni tulilodhani tumelilipa kwa dawa litarudi kwa wingi wa takataka. Wema wa njia haumwachilii mtu kutazama mwisho. Ni makosa yale yale yaliyopinduliwa. Mwenye kutazama njia tu hujisafisha nafsi yake, na mwenye kutazama mwisho tu huwachafua wengine.

Basi je, kitu kilichopatikana kwa njia chafu chaweza kuitwa safi? Nasema: kinaweza kuwa na manufaa, kinaweza kuwa cha lazima, kinaweza kuwa neema kwa anayekipokea, lakini jina la usafi hakijalistahili. Usafi si hali ya glasi moja mkononi mwa mtu mmoja. Maji yaliyo meupe mezani kwa sababu taka zake zimehamishiwa katika damu ya mtu mwingine hayakutakaswa, yamehamwa na uchafu wao. Kutakasa ni kuondoa. Kuhamisha ni kuficha. Na kazi ya kutafuta poliesta inayoyeyuka kwa upole, ingawa wenyewe huiita kazi ya kemia, ni jaribio la kulipa deni ambalo wanywaji hawakujua wanadaiwa.

Mwanafunzi wangu alijifungua salama. Amerudi maabarani, ingawa si katika meza ile; sasa anajaribu dawa nyingine, na yule kijana ni msaidizi wake. Juzi aliniuliza tena juu ya neno la kumwambia mama, kwa maana kuyeyuka na kumumunyika yote mawili hayakumtosha. Nilifikiri siku mbili. Kisha nikamwandikia aache neno la kemia, aseme hivi: "Mama, ninasuka kifumbu cha maji, na ninataka kisimdhuru mwenye kukisuka." Alinijibu kwamba mama alielewa mara moja, akauliza swali moja tu, ambalo wakubwa wengi hawajaliuliza: "Na hicho cha sasa, kinamdhuru nani?"